Ikiwa monaki ana sumu, mbona ndege wanamla?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi Sacramento, Kalifonia, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka saba ambaye anapenda wadudu kupita kiasi. Desemba tulimpeleka Pacific Grove kuona vipepeo aina ya monaki wanavyolala kwa makundi mitini. Tulifika saa tatu asubuhi, baridi kali. Mwanzoni hatukuona kitu, hadi mzee mmoja wa kujitolea alipotuonyesha: yale niliyodhani ni majani makavu kumbe ndio vipepeo wenyewe. Lakini chini ya miti tulikuta mabawa yametapakaa, hayana miili. Mara ndege mdogo akajitosa kwenye kundi, vipepeo kadhaa wakaanguka, yeye akaondoka na mmoja. Binti yangu alilia njia nzima. Kitabu chake kinasema monaki ana sumu na ndege hawamgusi. Je, kitabu kinadanganya? Walioanguka walikuwa wanatetemeka, na mmoja mtoto alimwokota kabla sijamzuia, atadhurika? Kuna namna ya kuwafukuza hao ndege? Nimefikiria kupanda yale maua ya rangi nyekundu na manjano yenye utomvu mweupe, ambayo hata kwetu yapo, ili tuwalee vipepeo nyumbani wakiwa salama. Na je, Tanzania tunao vipepeo wa namna hii?"*

Marahaba, binti yangu. Tuanze na mtoto, maana nahisi ndilo lililokukosesha usingizi kuliko habari za ndege. Hatadhurika. Sumu ya monaki imo mwilini mwake na haimdhuru mtu kwa kumshika tu. Lile vumbi la rangi lililobaki vidoleni ni magamba madogo madogo ya mabawa. Kunawa mikono kunatosha. Kama angemla tungezungumza mengine, ingawa hata hapo kinachotangulia kwa kawaida ni kutapika. Aliyekuwa hatarini pale ni kipepeo, na nitakueleza sababu yake tukifika kwenye habari ya baridi.

Sasa kitabu. Hakidanganyi, ila kimeishia njiani.

Monaki hajitengenezei sumu. Anaipata akiwa kiwavi, kwa kula majani ya magugumaziwa, yaani mimea ya jenasi *Asclepias*, ambayo ukivunja jani lake linatoka utomvu mweupe. Kiwavi wa monaki hana chakula kingine. Ndani ya mimea hiyo kuna kemikali zinazoitwa kadenolidi. Kila seli ya mnyama, yako na yangu, ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Zikigoma, neva hazipeleki ujumbe na moyo unapoteza mapigo yake. Kadenolidi hujibandika kwenye pampu hizo na kuzizuia. Kwa kipimo kidogo sana, kinachosimamiwa na daktari, dijoksini inayopewa wagonjwa wa moyo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kipimo kikizidi, moyo unasimama.

Wewe wa Tanga huenda umewahi kusikia habari za msunguti, mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Mshale uliopakwa sumu hiyo uliweza kumwangusha tembo. Kilichomo kwenye msunguti ni kadenolidi pia, jamaa wa karibu kabisa wa ile iliyomo kwenye magugumaziwa ya Marekani. Tena kwetu yuko panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, *Lophiomys imhausi*, anayetafuna magome ya msunguti kisha kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Panya huyo na monaki hawana undugu wowote, lakini mbinu yao ni moja: kuazima silaha ya mmea.

Utauliza, monaki mwenyewe anaponaje? Pampu zake zimebadilika kidogo katika sehemu zile ambazo sumu ingejibandika, kwa hiyo sumu inakosa pa kushika. Watafiti waliwahi kuyahamishia mabadiliko hayo ya jeni kwa inzi wadogo wa matunda kwenye maabara, na inzi wale wakaweza kuishi na sumu ambayo kwa kawaida ingewaua. Matokeo hayo yalichapishwa 2019.

Kuhusu ndege, mtu aliyelichimba jambo hili kuliko wote ni Lincoln Brower, mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki 2018. Miaka ya 1960 aliwachukua ndege wa buluu wa jamii ya kunguru waliofugwa, ambao hawakuwahi kuonja monaki, akawapa. Walikula bila wasiwasi, na baada ya muda mfupi wakatapika. Siku nyingine walipoonyeshwa monaki walikataa hata kumsogelea. Brower akaenda mbali zaidi: aliwakuza monaki kwa majani ya kabichi, kazi ngumu kwelikweli kwa sababu viwavi hawaitaki, na vipepeo waliotokana na kabichi hawakumtapisha ndege yeyote. Hapo ikathibitika kwamba sumu inatoka kwenye chakula cha kiwavi.

Lakini tazama kilichotokea katika jaribio hilo: ili ndege apate somo, kipepeo wa kwanza ilibidi afe. Sumu haimwokoi aliyekwisha kumezwa, inawaokoa wenzake watakaokutana na ndege yuleyule kesho. Na hata kwa wenzake, ulinzi haulingani. Magugumaziwa yako ya aina nyingi. Kule Kalifonia, *Asclepias eriocarpa* ina kadenolidi nyingi, ilhali *Asclepias fascicularis* ile ya majani membamba, ambayo imeenea mno, ina kidogo. Kwa hiyo katika kundi moja ulilolitazama pale juu, mmoja ana sumu ya kutosha kumtapisha ndege na jirani yake karibu hana kitu, na wote wamevaa rangi ileile ya machungwa na michirizi myeusi. Wasio na sumu wanaishi kwa heshima waliyojengewa na wenye sumu. Zaidi ya hayo, kadiri majira ya baridi yanavyosonga, sumu mwilini mwa kipepeo inapungua. Monaki wa Februari ni laini kuliko yule wa Oktoba.

Kwa ndege mwenye njaa hiyo ni kamari inayolipa. Mahali ilipochunguzwa vizuri zaidi ni Meksiko, kwenye milima ya Michoacán na jimbo la México, ambako monaki wa mashariki ya Marekani na wa Kanada hukimbilia majira ya baridi. Wanalala kwenye miti ya oyamel, jamaa wa msonobari, katika mwinuko wa takriban mita 3,000. Huko wapo ndege wawili ambao hawakusoma kitabu cha binti yako. Mmoja ni *Icterus abeillei*, wa rangi ya machungwa na mgongo mweusi, mwenye mdomo mwembamba. Huyu sumu inamsumbua, lakini amejua ilipo: nyingi iko kwenye ngozi ngumu ya nje na kwenye mabawa. Basi anampasua kipepeo, anakula vya ndani na kutupa ganda, kama mtu anavyotafuna muwa na kutema makapi. Wa pili ni *Pheucticus melanocephalus*, mwenye kichwa cheusi na mdomo mnene. Yeye sumu haimsumbui sana, anakata mabawa na kumeza tumbo zima. Brower na mwenzake William Calvert walichapisha hesabu 1985: katika koloni moja, yaani eneo walikolala kwa pamoja, la hekta 2.25, ndege wa aina hizo mbili waliua wastani wa vipepeo takriban 15,000 kwa siku, na kufikia mwisho wa msimu zaidi ya milioni 2. Inatisha, mpaka usome mstari unaofuata: hiyo ilikuwa karibu asilimia 9 tu ya waliokuwamo.

Hapo ndipo ilipo faida ya kulala kwa kundi, jambo ambalo binti yako anastahili kuelezwa vizuri. Ndege ana tumbo lenye kikomo. Ukiwa mmoja kati ya mia, uwezekano wa kuwa wewe ndiye chakula cha leo ni mkubwa; ukiwa mmoja kati ya milioni kumi, hauna uzito. Na walioko katikati ya fungu wako salama kuliko walioko pembeni. Ndiyo maana makoloni madogo hupoteza sehemu kubwa zaidi ya watu wake kuliko makubwa, na ndiyo maana kupungua kwa vipepeo kunawafanya ndege, ambao zamani hawakuwa tishio, waanze kuonekana wabaya.

Huyo mliyemwona Pacific Grove, ukiniambia alikuwa mdogo, mwepesi, mwenye kofia nyeusi, mashavu meupe na mgongo wa rangi ya hudhurungi, basi nitamtaja bila kusita: *Poecile rufescens*. Ni mkazi wa misitu ile mwaka mzima na watafiti wameshamwandika kama mla monaki kwenye makoloni ya Kalifonia. Hana nguvu ya kuchukua wengi. Anashika mmoja, anakwenda naye tawi la jirani, anambana kwa miguu na kudonoa. Wako pia wanaokula kilichokwisha kuanguka: nyigu, hasa siku za jua mwanzoni mwa msimu, sisimizi, na panya usiku. Huko Meksiko yupo panya, *Peromyscus melanotis*, ambaye majira hayo hukaa karibu na makoloni kwa ajili ya karamu hiyo, wakati jamaa zake wa aina nyingine msituni humohumo hawataki hata kuonja.

Mkirudi, mfundishe mtoto kusoma yale mabawa badala ya kuyalilia. Asiyaokote, ayatazame kwa kuchuchumaa kando ya njia. Mabawa manne mazima yaliyotawanyika mahali pamoja chini ya tawi, bila mwili, ni kazi ya ndege aliyeketi juu na kuangusha asichokitaka. Kipepeo mzima ambaye tumbo limepasuliwa na kukombwa ni kazi ya ndege pia, wa aina nyingine. Ukikuta aliye hai bado, mabawa yake ya kushoto na kulia yamekatwa umbo lilelile, huyo aliumwa akiwa amefumba mabawa akaponyoka. Kipepeo aliyetobolewa kifua, nyigu wakiwa wamemzunguka, mara nyingi alikuwa ameshaanguka kwa baridi kabla nyigu hawajamfikia. Kwangu hiki ndicho kitu kitamu kuliko vyote katika kutazama makoloni haya, lakini naona wageni wengi wanatazama juu tu.

Sasa baridi, na hapa ndipo penye ubishi wangu na wageni wengi. Monaki ana uzito wa karibu nusu gramu. Hana joto lake mwenyewe la mwili kama sisi, misuli yake inategemea hewa na jua. Chini ya takriban nyuzi 13 za Selsiasi hawezi kuruka. Baridi ikizidi sana, hata kutambaa hawezi. Akiangushwa asubuhi, yuko chini pamoja na panya, sisimizi na viatu vya watu, na hana njia isipokuwa kutetemesha misuli ya mabawa mpaka ipate joto, au kupanda polepole kwenye jani au kijiti kilicho karibu. Kule kutetemeka mlikokuona si kukata roho. Alikuwa anajipasha moto. Bahati mbaya kutetemeka huko kunachoma mafuta, na mafuta ndiyo akiba yake yote.

Monaki wa kiangazi wanaishi wiki chache, wanataga na kufa. Hawa wa baridi wanaishi miezi mingi, wengine hadi minane au tisa, kwa sababu wamesimamisha uzazi na kupunguza matumizi. Mafuta waliyokuja nayo kutoka safarini yanatakiwa yawafikishe Februari au Machi, watakapopandana na kuondoka kutafuta magugumaziwa. Kila wanaporushwa bila sababu, akiba inapungua. Kundi likishtuliwa na mtu anayepiga makofi ili apate picha ya vipepeo wanaoruka (nimewaona, na wengine wamebeba kamera za bei ya gari), hasara yake hatuioni siku ile. Inaonekana Machi, kipepeo anapoishiwa kabla hajafika.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kuwafukuza ndege ni hapana, na sababu si ya huruma kwa ndege peke yake. Kelele ya kumfukuza ndege mmoja inashtua vipepeo elfu. Ndege huyo anarudi baada ya dakika kumi, vipepeo waliochoma mafuta hawarudishiwi. Isitoshe, Pacific Grove ina sheria ya mji tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 inayokataza kuwabughudhi vipepeo, na faini yake inaweza kufika dola 1,000. Na kwa sheria za jimbo la Kalifonia, kumkamata, kumshika au kumfuga monaki wa porini kunahitaji kibali cha kisayansi. Usiogope, hakuna atakayemshtaki mtoto wa miaka saba. Lakini mara nyingine mwelekeze: ukimwona kipepeo amesimama kwa miguu yake chini, mwache, na kama yuko njiani watu wanapokanyaga, mwite mtu wa kujitolea aliye zamu.

Nije kwenye kupanda, kwa sababu hapo una nia njema inayoweza kuharibu. Maua unayoyasema, mekundu na manjano, ni *Asclepias curassavica*. Asili yake ni Amerika ya kitropiki na yamezagaa duniani kote, pamoja na kwetu. Mahali penye baridi ya wastani kama Kalifonia hayafi majira ya baridi, na hilo ndilo tatizo. Monaki wanapeperusha vijidudu vya *Ophryocystis elektroscirrha*, ambavyo mbegu zake hubaki juu ya majani. Magugumaziwa ya asili hukauka kila mwaka, majani machafu yakaondoka nayo. Haya ya kigeni yanabaki kijani, msimu baada ya msimu, na vijidudu vinarundikana. Kiwavi anavila pamoja na jani, na kipepeo anatoka dhaifu, pengine mabawa yamekunjamana. Pia yanaweza kuwashawishi vipepeo wazae wakati walipotakiwa kupumzika. Baadhi ya kaunti za Kalifonia zimekwisha kuzuia kuuzwa kwake.

Wewe uko Sacramento, mbali na pwani, kwa hiyo kupanda magugumaziwa ya asili ya eneo lako kunafaa: *Asclepias fascicularis* au *Asclepias speciosa*, kutoka kitalu kinachokuhakikishia kwamba miche haikupuliziwa dawa. Kama ungekuwa unakaa Pacific Grove kwenyewe ningekushauri usipande kabisa, maana wataalamu hawataki magugumaziwa karibu na makoloni ya baridi, ambako kwa asili hayakuwepo. Huko linalosaidia ni maua yenye nekta yanayochanua majira ya baridi. Mtoto asicheze na utomvu. Ukimwingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kisha mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu zile pampu tulizozitaja ziko hata kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na zikizuiwa konea inavimba na jicho linaona ukungu. Akila majani, pigia kituo cha sumu mara moja, usingoje dalili.

Kuwalea ndani ya nyumba sikushauri, hata mbali na habari ya kibali. Monaki wanaofugwa wamebanana huambukizana upesi. Ni kweli kwamba porini, kati ya mayai 100, hata 10 hayafiki kuwa vipepeo: buibui, sisimizi, vivunjajungu, na nzi wanaotaga ndani ya kiwavi wanachukua haki yao. Monaki wameishi na hesabu hiyo tangu na tangu. Wasichoweza kuhimili ni mambo mengine. Hesabu inayofanywa kila mwaka kwenye pwani ya Kalifonia na Xerces, shirika la uhifadhi wa wadudu, pamoja na mamia ya watu wa kujitolea iliwapata monaki zaidi ya milioni moja 1997. 2020 hawakufika 2,000. Mwaka uliofuata walipanda hadi takriban 247,000, watu wakashangilia, kisha 2024 wakashuka tena hadi 9,119. Ndege wale wadogo hawawezi kufanya hivyo. Magugumaziwa yameng'olewa mashambani, mikaratusi na misonobari ya pwani inakatwa kwa ujenzi, ukame na joto vinaharibu ratiba ya maua, na viko viuatilifu. Desemba 2024 serikali kuu ya Marekani ilipendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Habari ya viuatilifu nataka uishike, kwa sababu ndiyo hali pekee ambayo ningekutaka uchukue hatua palepale. Januari 2024, karibu na hifadhi hiyohiyo mliyoitembelea, walikutwa monaki takriban 200 wamekufa au wanakata roho. Vipimo vya maabara vilikuta mchanganyiko wa dawa za kuua wadudu, wastani wa aina 7 kwa kipepeo mmoja. Kutofautisha si kazi ngumu. Aliyeangushwa na baridi anasimama kwa miguu, mabawa yanatetemeka kwa kasi ndogo ndogo, na baada ya dakika kadhaa anaanza kutafuta pa kupanda. Mwenye sumu ya dawa analala ubavu au chali, tumbo limejikunja, miguu inarukaruka bila mpango, na mara nyingi hayuko peke yake, wako wengi mahali pamoja, miili mizima isiyo na jeraha. Ukikuta hivyo usiwaguse na usimruhusu mtoto awasogelee. Piga picha, andika saa na mahali, kisha nenda kwa walinzi wa hifadhi au Makumbusho ya Historia ya Asili ya Pacific Grove, ambao ndio wanaowasimamia wale wazee wa kujitolea. Wanahitaji taarifa ndani ya saa chache, kabla panya na sisimizi hawajasafisha ushahidi.

Mkienda tena, msimu mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari. Kama Pacific Grove itakuwa na vipepeo wachache, jaribuni Natural Bridges mjini Santa Cruz, penye njia ya mbao inayowafaa hata wenye viti vya magurudumu, au Pismo Beach kusini zaidi. Asubuhi mapema utawaona wamefumba mabawa, rangi ya majani makavu, na hapo ndipo ndege wana kazi. Ukitaka mtoto aondoke na furaha, chelewa kidogo: fika saa nne na nusu au saa tano, siku ya jua isiyo na upepo. Miale ikigonga fungu, mabawa yanafunguka taratibu, rangi ya machungwa inajitokeza, na joto likitosha wanaruka wenyewe bila mtu kupiga makofi. Nunua darubini ya kawaida. Msiwasogelee wala kuwapulizia, wala kutingisha tawi, wala kuwasha mwanga wa kamera. Mpe mtoto daftari achore ndege anaowaona, siyo vipepeo tu; akimjua yule mwenye kofia nyeusi kwa sura, kwa sauti na kwa anachokula siku nyingine, hatamchukia.

Umeuliza kama tunao nyumbani. Monaki mwenyewe hayupo Afrika Mashariki, lakini ndugu yake yupo na bila shaka umemwona ukiwa mtoto: *Danaus chrysippus*, mdogo kuliko monaki, rangi ya machungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole kama asiye na adui. Viwavi wake pia wanakula mimea ya utomvu mweupe, na yale maua yako mekundu na manjano wanayala. Hahami kwa mamilioni wala hana makoloni ya baridi, kwa kuwa baridi yenyewe hatuna. Lakini ana vituko vyake. Madume huja kukwangua mimea iliyonyauka ya marejea ili kupata kemikali nyingine ya kujilinda na ya kuvutia majike. Na eneo la kuzunguka Nairobi ni maarufu kwa wanabiolojia kwa sababu huko majike wengi wa *chrysippus* wamebeba bakteria anayewaua watoto wa kiume wakiwa bado mayai, hata mahali pengine ukakuta karibu wote ni majike.

Mkija likizo Tanga, mpe binti yako zoezi. Miongoni mwa vipepeo watakaofanana na *chrysippus*, baadhi si yeye. Ni majike wa *Hypolimnas misippus*, ambao hawana sumu yoyote na wameiga vazi lake karibu mstari kwa mstari. Dume lake halifanani kabisa, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Kumtambua jike, atazame bawa la nyuma: *chrysippus* ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati, mwigaji kwa kawaida ana moja, ukingoni mwa mbele.